Kengele Iliyokuwa Ikimsubiri Zuhura

Nianze na aibu yenyewe, tuimalize mapema. Mie mnayeniita Mzee Keibodi, fundi niliyekuwa naheshimika kuanzia Tandika mpaka Buza, niliwahi kukumbatia mlingoti wa spika juu ya bati la shule ya msingi, suruali imepasuka kuanzia kiunoni kushuka kule ambako suruali haitakiwi kupasuka, na chini yangu shule nzima imetoka madarasani inashangilia. Mtoto mmoja wa chekechea akauliza kwa sauti, "Tichaa, yule babu ni wa nani?" Hakuna aliyejitokeza kunidai.

Mtajiuliza, fundi wa kompyuta juu ya bati anatafuta nini? Nilikuwa natafuta waya uliokatika. Na waya wenyewe haukuwa umekatika. Tatizo lilikuwa chini, ofisini, kwenye kompyuta niliyoipita mlangoni nikiwa na ngazi begani. Lakini bila ile suruali nisingejua, kwa hiyo vijana wangu msicheke sana. Chekeni kidogo halafu msikilize.

Mie shule niliishia kidato cha pili. Sikufukuzwa, mie na hisabati tuliachana kwa amani, kila mtu akaona mwenzie hamfai. Nikaenda kukaa kwa marehemu Fundi Salumu, aliyekuwa akitengeneza redio pale Tandika karibu na soko. Kompyuta zilipoingia mtaani, wenye vyeti walikuwa mjini huko kwenye viyoyozi, sie tukazivamia hivyo hivyo na bisibisi za redio. Nimeua nyingi. Ya kwanza kabisa niliipangusa vumbi kwa kitambaa kibichi huku inawaka. Mwenye nayo alikuwa mtu mpole, alinitoa na ufagio tu.

Haya, shule. Ilikuwa shule ya binafsi huko Yombo. Zamani kengele yao ilikuwa rimu la lori limening'inizwa, linagongwa na nondo. Siku moja rimu likaondoka na watu wa vyuma chakavu. Bahati nzuri mwalimu mmoja alishawahi kulirekodi kwenye simu likigongwa, kwa hiyo walipoweka kengele ya kompyuta, mwalimu mkuu, mama wa Kihaya tuliyemwita Madam Koku, akasema watoto wamezoea rimu, wataendelea na rimu. Ile sauti ya rimu ikawa faili.

Ilivyofungwa ilikuwa hivi. Stoo, katikati ya madawati mabovu, kulikuwa na kompyuta moja kuukuu imeunganishwa na amplifaya na spika za juu ya bati. Ile inawaka muda wote, na ndani yake kuna folda. Faili la sauti likitumbukia kwenye folda, inalipiga. Basi, kazi yake imeisha. Ofisini kwa sekretari kuna kompyuta ya pili, imeunganishwa na ya stoo kwa waya wa netiweki, na hiyo ndiyo yenye ratiba: ikifika saa ya kipindi, yenyewe inachukua lile rimu na kulipeleka kwenye folda ya stoo. Kwa sekretari ile folda ya stoo ilikuwa inaonekana kama draivu, wameipa herufi Z. Sekretari akitaka kubadilisha ratiba, labda kuna mtihani au mvua imechelewesha walimu, anabadilisha palepale mezani kwake.

Sekretari mwenyewe ndo Zuhura. Binti wa Mtoni, mcheshi, mikono miepesi kwenye keibodi kama anachambua mchele. Wakati huo alikuwa mjamzito, tumbo limeshatangulia mbele, amebakiza siku chache aende likizo ya uzazi.

Madam Koku alinipigia simu akaanza hivi: "Fundi, njoo uniangalizie kompyuta. Au niseme njoo uniangalizie sekretari."

Nikafika. Akanikalisha ofisini kwake, akafunga mlango.

"Zuhura akiwepo, kengele inalia," akasema. "Akienda kliniki, kengele kimya. Akirudi, inalia. Ameenda msibani kwao, siku nzima kimya, walimu wanapigiana makofi madirishani kuambiana kipindi kimeisha. Nimemweka Mwalimu Elia kwenye kiti kilekile, kompyuta ileile. Kimya! Kaja Zuhura, inalia. Wewe unaelewaje?"

"Inaweza kuwa imemzoea, Madam," nikatania.

Hakucheka. "Fundi, nimefundisha watoto tangu nikiwa msichana. Mtu akijifanya hajui, namjua. Huyu ameona anaenda kuzaa na nafasi yake itashikwa, akaifunga kengele ili tuone hatuwezi bila yeye. Kama ndivyo, aende akazae salama, lakini asirudi."

Nikatoka pale kichwa kizito. Nikamkuta Zuhura mezani kwake, macho mekundu, lakini akanyanyuka.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Kaa, usinisimamie na mzigo huo."

"Umeshaambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Amesema mbele ya walimu wote, kule staff, chumbani kwao. Ati nimetega. Fundi, mie hata hiyo kengele ilivyofungwa siijui, najua kubadilisha saa tu. Na tumbo hili naanza kuhangaika na kuitega kengele? Mume wangu kazi zake za kuokoteza. Nikikosa hapa sina pengine."

Kwa hiyo mjue kilichokuwa mezani siku ile. Haikuwa kengele tu, ilikuwa kazi ya mtu.

Na mie, kwa busara zangu za kidato cha pili, nikafanya nini? Nikatoa nadharia. Nikamwambia Madam kwa sauti nzito kabisa kwamba Zuhura huenda kliniki asubuhi, asubuhi bati linakuwa na baridi, waya unajikunja, unaachia. Mchana bati linapata joto, waya unanyooka, unashika. Madam akaniangalia kama mtu anayesoma insha mbaya, akasema, "Panda basi."

Siku niliyopanda, Zuhura alikuwa kliniki, na tangu asubuhi kengele ilikuwa haijalia. Nikafika juu, nikakagua waya, mzima. Nikakagua spika, nzima. Nikaweka sikio kwenye mdomo wa spika nisikie kama kuna muungurumo. Jamani, msije mkafanya hivyo. Zuhura alikuwa amerudi, ameketi, amefungua kompyuta yake kwa jina lake, mie juu sina habari. Saa ya kipindi ikafika na lile rimu la lori likagongwa ndani ya ubongo wangu. Nikaruka, nikateleza, nikadaka mlingoti, kipande cha suruali kikabaki kwenye msumari.

Mengine mnayajua.

Zuhura ndo aliyeniletea kanga, akamrushia Mwalimu Elia akapanda nayo ngazi. Nikajifunga, nikashuka. Ile kanga ilikuwa na maneno, sitayasema, yaliandikwa kwa ajili ya wake wenza sio mafundi. Nikaingia ofisini nimevaa hivyo, walimu wanajifanya wanasahihisha madaftari huku mabega yanatikisika.

Lakini mie nilikuwa nimeshaacha kuona aibu, maana kuna kitu kilikuwa kinaniwasha. Waya sikuushika. Bati lilikuwa baridi vilevile. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika tangu asubuhi: Zuhura amekaa kwenye kiti. Sasa kompyuta inajuaje?

Hapo ndo raha ya kazi hii ilipo, wanangu. Pale unapojikuta huelewi hata kidogo na unatamani kujua kuliko unavyotamani chakula. Mtu akinipa tatizo ninalolijua huwa nasinzia.

Nikamwambia Zuhura, "Fanya kama unaenda kliniki. Kila kitu, usiruke hata kimoja."

Akachukua mkoba. Akahifadhi kazi yake. Akabonyeza, akatoka kwenye jina lake kabisa, kioo kikarudi kwenye picha ya mwanzo inayouliza nani anaingia.

"Hapo," nikasema. "Kwa nini unatoka kabisa? Kwa nini usifunge kioo tu ukaenda?"

"Madam ndo aliagiza. Mitihani ya shule nzima nachapa mie humu. Nikiinuka hata kwenda kunywa maji, nitoke kabisa. Mwalimu Elia naye ana jina lake, akikaa anaingia kwa lake."

Nikafungua ile ratiba ya kompyuta. Kuna mahali pa kuchagua: kazi hii ifanyike pale tu mtu huyu akiwa ameingia, au ifanyike ameingia hajaingia. Fundi aliyetangulia aliacha ile ya kwanza, na mtu mwenyewe ameandikwa Zuhura. Akitoka yeye, ratiba inalala. Akiingia Elia, ratiba inamtazama tu, simjui huyu.

Nilicheka peke yangu. Binti anatuhumiwa kwa kutii amri ya yule anayemtuhumu! Nikabadilisha, nikachagua ile ya ameingia hajaingia, Zuhura akaandika paswedi yake, nikatoka barazani na kanga yangu nikatangaza ushindi. Madam akaja, walimu wakaja. Tukasubiri kipindi kinachofuata.

Kimya.

Tena Zuhura mwenyewe yupo, ameingia kwa jina lake, ameweka mikono juu ya meza kama mtuhumiwa.

"Fundi," Madam akasema, "mwanzo nilikuwa na kengele ya nusu siku. Sasa sina kabisa."

Walimu wakarudi madarasani, na kila aliyepita alimwangalia Zuhura, sio mie. Hilo liliniuma. Nilikuwa nimemzidishia mzigo.

Nikalibonyeza kwa mkono wangu lile faili dogo la maagizo ambalo ratiba hulifungua ili lipeleke rimu kwenye Z. Rimu likalia, watoto wakatoka mbio wakidhani wameruhusiwa, wakarudishwa na fimbo. Nikaiacha ratiba ilibonyeze yenyewe. Kimya. Kwa mkono inalia, kwa ratiba kimya. Faili moja, kompyuta moja, jina moja la Zuhura. Nikajikuna kichwa mpaka Zuhura akaniuliza kama nina mba.

Fundi Salumu alikuwaga na tabia moja. Ukimletea redio ukamwambia imekufa, anakukatalia. Anasema, "Usiniambie imekufa. Niambie inasikia nini." Aliwahi kunikalisha na redio moja asubuhi nzima, niisikilize tu, bila bisibisi, mpaka nikagundua inanasa stesheni nyingine, ile ya namba ya jirani. Haikuwa imekufa, ilikuwa inasikia kitu kingine na sio kile mwenyewe alichodhani inasikia.

Nikasema haya, tuiulize na hii. Kwenye ile kazi ya ratiba nikaongeza mistari miwili. Wa kwanza: andika wewe ni nani. Wa pili: andika draivu zote unazoziona za kwenye netiweki. Majibu yamwagwe kwenye faili palepale kwenye kompyuta ya ofisi. Mkichukua kitu kimoja tu kwangu, chukueni hicho. Acheni kubahatisha kazi ya ratiba inafanya nini ukiwa humuoni anayeifanya. Mwambie aandike.

Ikafika saa yake, ikafanya kazi, nikafungua faili. Mstari wa kwanza: mie ni Zuhura. Mstari wa pili: hakuna kitu. Z haipo.

Zuhura akainama tusome wote. "Mbona mie naiona hiyo Z? Si hii hapa kwenye kioo?"

"Wewe unaiona," nikamwambia. "Yule Zuhura mwingine haioni."

"Zuhura yupi tena, fundi? Mbona unanitisha, nimebeba mmoja tu."

Nikamweleza, na nikawa najieleza mwenyewe maana ndo nilikuwa naelewa hapohapo. Ratiba ikiambiwa ifanye kazi ameingia hajaingia, haitumii kile kioo chako. Inaingia yenyewe kwa nyuma, kwa jina lako na paswedi yako, mlango wake mwingine. Na ile herufi Z hukuzaliwa nayo. Ni kama sie wa Tandika tunavyosema "kwa Mpemba". Ukimtuma mtoto wa mtaani kwa Mpemba, anakwenda na kurudi na sukari. Mtume mgeni aliyetoka Kunduchi leo asubuhi, umwambie kwa Mpemba, atazunguka mpaka alasiri. Duka lipo na mguu anao, ila lile jina ni la watu wa kijiweni. Z ni jina la kijiweni. Anayelijua ni yule aliyeingia kwa mlango ule ambao Z ilifunguliwa. Nikibonyeza kwa mkono, ninayebonyeza nipo kijiweni. Ratiba ikibonyeza, ni mgeni wa Kunduchi.

"Sasa mgeni unamfanyaje?" akauliza.

"Unampa anwani kamili."

Nikaifuta Z kwenye ile kazi. Badala yake nikaandika njia nzima: ile mikwaju miwili, vile vistari vya mshazari vinavyolalia nyuma, jina la kompyuta ya stoo, mkwaju mmoja, jina la folda. Hakuna herufi, hakuna utani. Tukasubiri, saa ikafika, rimu likalia. Zuhura akashika tumbo, akasema na mtoto naye kashtuka.

Kwa haraka zangu ningeondoka hapo. Ila nilishawahi kuumbuka Kunduchi, kwenye chumba cha barafu cha wauza samaki, nilipoacha kazi ya ratiba kwa jina la mhasibu wao. Mhasibu akabadilisha paswedi yake, kama mhasibu mwenye akili anavyotakiwa, na kazi ikafa kimyakimya bila kumwambia mtu. Na hapa Zuhura anaondoka. Atakayeshika kiti atabadilisha hili na lile, kengele itanyamaza, na watasema nini? Zuhura alitega kabla hajaondoka.

Kwa hiyo nikatengeneza mtumiaji mwingine kabisa, jina lake Kengele. Nikamtengeneza kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye ya stoo, jina hilohilo na paswedi hiyohiyo, maana zile kompyuta mbili hazikuwa na mkubwa wa kuzitambulisha, kila moja inajua watu wake tu. Nikampa ruhusa ya kulichukua lile rimu na kuliweka kwenye ile folda, basi. Mitihani haioni. Paswedi yake nikamwandikia Madam, akaifungia kabatini kwake. Kuanzia hapo kengele ikawa inaingia kazini kwa jina lake yenyewe.

Nikaenda kwa Madam. "Naomba jaribio moja, mbele yako na mbele ya walimu. Zuhura atoke kwenye kompyuta, achukue mkoba wake, atoke nje ya geti kabisa. Tusubiri kengele ya mapumziko ya mchana."

"Na ikinyamaza?"

Zuhura alikuwa mlangoni, akajibu kabla yangu. "Ikinyamaza, Madam, sirudi ndani. Nitaunganisha nyumbani."

Moyo wangu ulipiga kama lile rimu. Mie ningeshindwa, ningeenda kwangu kubadilisha suruali. Yeye angeenda kwake kufanya nini?

Akatoka kwenye jina lake, mbele ya macho yetu. Akachukua mkoba, akaenda taratibu na tumbo lake, mlinzi akafungua geti, akafunga. Tukamwona kwa juu ya ukuta akisimama kwa mama anayeuza vitumbua, amejishika kiuno. Ofisini kiti kitupu, kioo kinauliza nani anaingia. Madam amekunja mikono. Mwalimu Elia anaangalia saa yake, anaangalia ya ukutani, anaitikisa yake. Mie nimesimama na kanga ya wake wenza.

Likalia.

Watoto wakamwagika uwanjani. Kwa nje nikamsikia yule mama wa vitumbua, "Wee Zuhura, unalia nini sasa, si kengele tu hiyo?"

Vumbi la watoto lilipotulia, nikamgeukia Madam. Nikamweleza kwa upole: ratiba ilikuwa imefungwa kwa jina la Zuhura tangu ilipowekwa, na alipokuwa anatoka kabisa kama alivyoagizwa, kengele ilikuwa inatoka naye.

"Kama nilivyoagiza mimi," akasema.

"Ndiyo, Madam."

Akatoka mwenyewe mpaka getini, mama mzima, mwalimu mkuu. Akanunua vitumbua, akampa Zuhura. "Kula. Likizo yako naisaini leo, na kiti chako atakikalia mtu wa muda tu. Ukimaliza unarudi."

Zuhura akafuta macho kwa ukingo wa mtandio, akapokea vitumbua kwa mikono miwili. "Ahsante Madam. Ila naomba ukaseme staff. Kwa sababu staff ndo uliposema."

Nikajua hapo ameharibu. Madam akageuka, akamwambia Elia awaite walimu wote, hata wa chekechea, na akasema. Alisema kwa sauti ileile ya ubaoni: "Nilimshuku Zuhura mbele yenu. Nilikosea. Kosa lilikuwa kwenye kufungwa kwa kengele na kwenye agizo langu, yeye hakutega kitu." Akaruhusu watu waende kunywa chai.

Zuhura alijifungua salama na akarudi kwenye kiti chake. Kanga hakutaka nimrudishie.

Alasiri ya siku ile ya kengele nikapita kwa rafiki yangu Chande, anayetengeneza mafeni jirani na banda langu, nikamsimulia yote, na mbwembwe zangu. Nikamwambia, unaona Chande, kazi ikifungwa kwa jina la mtu mmoja, huyo mtu hawezi hata kwenda kuzaa kwa amani. Simu yangu ikaita. Duka la dawa la Mtoni, wameshindwa kuingia kwenye kompyuta. Nikawatajia paswedi, kwa kichwa. Nikaendelea na hadithi, ikaita tena, steshenari ya Buza, printa imekataa, nikawatajia na wao. Ya tatu nikamnyooshea Chande kidole, subiri kidogo, nikapokea.

Chande akaweka feni chini, akapangusa mikono.

"Wewe siku ukifa, Keibodi," akasema, "msibani kwako watu watajaa mpaka barabarani. Na hawatakuja kulia. Watakuja kuuliza paswedi."